Uso Uliozoea Dawa

Kama unasoma haya huku unajikuna uso, ondoa mkono kwanza. Najua utaurudisha. Mimi niliambiwa hivyo na mama yangu, na mume wangu, na Sista wa hospitali, na mkono ulirudi kila mara kana kwamba si wangu. Sikulaumu. Nataka tu ujue kwamba anayekuandikia alikuwa na uso kama huo wako, na sasa anaweza kukaa kwenye kiti asubuhi nzima bila kuinuka.

Naitwa Imelda. Ni fundi cherehani Mbinga mjini, ila nimezaliwa Kihagara, kandokando ya Ziwa Nyasa. Nilipokuwa mtoto hakukuwa na cha kuchagua. Ilikuwa miaka ya shida ya bidhaa. Mama alitupaka mafuta ya mbarika aliyoyakamua mwenyewe, yakiisha tulikaa na miguu iliyopauka hadi apate mbarika nyingine. Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Nilipoolewa Mbinga, maduka yalikuwa yamefurika sabuni za rangi na mitumba, na krimu za uso zenye picha za wanawake wanaong'aa. Nyingine zilivuka ziwa kwa boti kutoka Malawi, nyingine zilipanda kutoka Songea kwenye malori yaliyokuja kufuata kahawa.

Mume wangu, Kosmas, ni Mmatengo. Alikuwa akipima kahawa kwenye chama cha ushirika, na wanunuzi binafsi walipoingia akaenda kumpimia mmoja wao. Alinileta kwao mwezi wa Juni. Mimi mtoto wa joto sikuwa nimewahi kuona ukungu unaokaa hadi saa nne asubuhi. Wiki chache tu, uso ulikauka, ukapasuka kwenye pembe za mdomo na juu ya mashavu. Nikicheka, unauma. Nikinawa, unauma zaidi.

Mdogo wake Kosmas, wifi yangu Editha, alikuwa na kibanda cha vipodozi sokoni. Huyo ndiye mtu wa kwanza pale Mbinga kunifanya nijisikie nyumbani. Alinifundisha kusalimia kwa Kimatengo, akanitafutia kibaraza cha duka cha kuwekea cherehani yangu. Siku moja alinishika kidevu akanigeuzia kwenye mwanga.

"Wifi, uso huu utauacha hivi mpaka lini? Paka hii. Mimi mwenyewe ndiyo ninayotumia."

Ilikuwa tyubu ndogo ya bati laini. Nilipaka jioni. Asubuhi nilijitazama kwenye kioo nikaita Kosmas aje aone. Mipasuko ilikuwa imefunga. Siku zilizofuata mashavu yakawa laini kama ya mtoto mchanga, na hata wateja wakaniuliza napaka nini. Nikawaelekeza kwa Editha.

Sikuwa natafuta weupe. Nasema hivi kwa sababu watu wengi wakisikia habari hii hudhani nilikuwa najichubua. Nilitaka uso usiopasuka. Nilipaka asubuhi na jioni, kiangazi na masika, kama mtu anavyopaka mafuta, kwa kuwa nilijua ni mafuta. Tyubu ikiisha, Editha alinipa nyingine.

Mabadiliko yalikuja polepole hivi kwamba sikuyapa jina. Kwanza jua likaanza kunichoma. Nikienda kisimani mchana narudi uso unawaka. Kisha vikaonekana vijishipa vyekundu mashavuni, kama nyuzi zilizofumuka. Vinyweleo vikaota pembeni mwa masikio. Vipele vidogo kuzunguka mdomo. Na kila nilipoona kitu kipya nilipaka zaidi, na kweli kilitulia, siku mbili tatu, kisha kikarudi.

Masika moja mvua zilikata barabara ya Songea. Malori hayakupita, na tyubu za kuuza zikaisha kibandani kwa Editha, akabaki na yake tu. Nilikamua yangu, nikaibana kwa mpini wa mkasi, nikaikata na kukwangua ndani. Kisha ikawa haina kitu kabisa.

Baada ya siku chache uso ulishika moto. Sina neno lingine. Ulivimba hadi macho yakabaki mistari, ukawa mwekundu kutoka kwenye paji hadi shingoni, ukatoka maji, maji yakakauka yakawa magamba, magamba yakipasuka maji yanatoka tena. Na kuwasha! Kuwasha kulikuwa chini ya ngozi, mahali ambapo kucha haifiki. Sikuweza kutulia. Nilishona mshono mmoja nikainuka, nikaenda uani, nikarudi, nikakaa, nikainuka. Nilikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Nilifagia palipofagiliwa. Kosmas aliniambia, "Pumzika basi," nikamfokea hadi jirani akachungulia.

Miaka ile, mtu akiharibika ngozi watu walikuwa na jibu moja tu, na hawakulitamka mbele yako. Walisema "ule ugonjwa." Wateja walianza kusimama mbali na cherehani yangu. Mama mmoja niliyemshonea nguo za kanisani tangu nifike alinitajia vipimo vyake kwa mdomo, akakataa nimzungushie tepu kifuani. Mwingine alikuja kuchukua kitambaa chake kikiwa bado hakijakatwa.

Mama mkwe hakunitukana hata siku moja. Alikitenga tu kikombe changu, akakiweka peke yake juu ya kichanja.

"Mama, kikombe changu mbona kiko huku?"

"Ni chako, mwanangu. Kisije kikavunjwa na hao wengine."

Nilikunywa chai yangu nimesimama, maana nilishindwa kukaa, na pia kwa sababu sikujua nikae wapi.

Hospitali ya karibu walinipa dawa ya fangasi. Uso ukazidi. Nikarudi, wakanipa vidonge vya mzio. Nilipata usingizi kidogo, basi. Mara ya tatu mganga aliniuliza kwa upole kama nitakubali kupimwa damu. Nilikubali. Majibu yalikuwa hayatolewi siku hiyo hiyo, na kusubiri kule ndiko kulikonichosha kuliko uso wenyewe. Nilimtazama Kosmas akila, nikawaza ni nani kati yetu. Naye nilimkuta akinitazama hivyo hivyo.

Siku ya majibu alikuja nami. Benchi la nje lilikuwa refu, limejaa wagonjwa, wengine wamekonda hadi nguo zinawavuka mabegani. Mimi nilikaa mwanzo, Kosmas akaenda kukaa mwisho. Niliitwa, nikaingia, nikaambiwa hakuna kitu. Nikatoka nikamwambia kwa kichwa tu. Alisogea akaja kukaa karibu yangu, akanishika mkono mbele ya watu wote.

"Na kama kingekuwepo," nilimuuliza, "ungekaa wapi?"

Aliinuka akanibebea mkoba. Tulirudi nyumbani. Lakini nitasema ukweli wake pia: tangu siku ile hakukosa safari hata moja ya hospitali, na kikombe changu alikirudisha mwenyewe kati ya vikombe vingine, mama yake akiona.

Tuliambiwa kuna daktari wa ngozi anayefika Songea mara chache kwa mwaka. Barabara ilipofunguka tulipanda lori la magunia. Nilijifunika kanga uso mzima, vumbi lisinifikie. Kwenye chumba cha kusubiri kulikuwa na mtoto mwenye mabaka meupe, mzee aliyekuwa na vidonda vya miguu, na msichana aliyefunika uso kama mimi. Tulitazamana kupitia upenyo wa kanga zetu. Alinisogezea nafasi upande wa dirishani, penye upepo. Sikulijua jina lake. Nafasi ile naikumbuka hadi leo.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache.

"Unapaka nini usoni?"

"Mafuta tu, Dokta."

"Mafuta gani?"

"Ya uso."

"Unayo hapo?"

Nilikuwa nayo kwenye mkoba, ile tyubu niliyoikata. Aliinyoosha kwa kidole, akaisogeza karibu na macho, akasoma maandishi madogo ya nyuma. Mimi nilikuwa nimeishi na tyubu zile miaka yote ile na sikuwahi kuyasoma. Yalikuwa ya Kiingereza, na picha ya mbele ilikuwa imeshanieleza kila kitu.

"Hii si mafuta, mama. Hii ni dawa. Tena ni nzuri, mimi mwenyewe naiandika. Kwa siku chache, mahali padogo. Wewe umeitumia kama chumvi ya mboga. Ngozi imekuwa nyembamba, na imeizoea. Sasa inaililia."

"Nitapona lini?"

"Kwanza utaumwa."

Kosmas akaguna. Daktari alitutazama wote wawili. "Miezi," alisema. "Pengine mwaka. Sitawadanganya."

Alinipa dawa hafifu zaidi ya kupunguza kidogo kidogo, vidonge, na kopo la mafuta ya mgando yasiyo na harufu wala rangi. Akanionya nisikatize dawa kwa mkupuo kwa akili yangu, wala nisiirudie ile tyubu hata ikija na sura nyingine. Ukichukua neno moja tu humu, chukua hili: usiache dawa peke yako nyumbani. Nenda uonwe, na chochote unachopaka kibebe mkononi.

Kazi sikuiweza. Kosmas alinishusha kwa mama yangu Kihagara ili nikaumwe mbali na macho ya watu wa Mbinga. Huko joto lilinitesa, jasho likiingia kwenye mipasuko kama pilipili, ila jioni ziwa lilitoa upepo na uso ukapoa. Ngozi ilitoka vipande vipande. Nikiamka, kanga niliyotandika juu ya mto wa kulalia imegandamana na shavu, na mama anailowesha kwa maji ya uvuguvugu, taratibu, hadi iachie. Alichemsha maji ya kuninawisha, akayaacha yapoe, akanikanda kwa kitambaa. Hakuniuliza habari za tyubu. Aliniuliza nitakula nini, na siku nilizoshindwa kufungua mdomo alinikorogea uji wa muhogo mwepesi, akaumimina kwa kijiko.

"Imelda, kaa."

"Siwezi, mama."

"Basi tembea, nitakufuata."

Na kweli alinifuata. Kabla jua halijatoka, na tena likishazama, nilitembea mchangani kuelekea upande wa Liuli, nikigeuka, nikirudi, na mama nyuma yangu na bakuli la maji na kitambaa begani. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa walituzoea. "Haya, wamepita," walisema. Tukirudi: "Haya, wamerudi." Hakuna aliyenionea kinyaa, au kama alikuwepo, alijificha vizuri.

Ilikuwa hivyo hadi mpunga ulipovunwa. Kulikuwa na wiki nzuri, nikaamini nimepona, kisha uso ukalipuka upya na nikalia kama mtoto. Daktari alikuwa ameniambia itakuwa hivyo, lakini kuambiwa na kupitia ni mambo mawili. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kila mlipuko ulikuwa mfupi kidogo kuliko uliopita. Nilikuja kugundua hilo baadaye, si wakati ule.

Halafu mvua za kwanza zikarudi. Moja ilininyeshea njiani nikitoka shambani, usoni kabisa, na nilikuwa nimefika nyumbani ndipo nikatambua kwamba haikuuma. Yalikuwa maji tu.

Nilirejea Mbinga nikiwa na uso mwembamba, wenye mabaka, lakini wangu. Hofu yangu ikawa ni baridi ya Juni. Nilijua ngozi itakauka, na niliogopa kila kopo. Safari iliyofuata ya Songea nilimwambia daktari, "Nifundishe kusoma." Akacheka, lakini alinifundisha.

Alisema nisitazame picha, nigeuze kopo. Vitu huandikwa kwa kufuatana, vilivyo vingi mbele, vichache nyuma. Lakini nisidanganyike na vya nyuma, maana dawa kali hutosha hata ikiwa chembe. Kisha nijiulize kila kimoja kinafanya kazi gani. Kuna kinachovuta maji, kama gliserini. Kuna kinachozuia maji yasitoke, kama mafuta ya mgando. Hayo hayaongezi maji, yanafunika tu, kwa hiyo yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevu wa kunawa. Kuna kinacholainisha kati ya magamba ya ngozi, kama lanolini, mafuta yatokanayo na sufu ya kondoo. Na kuna kinachowekwa kwa ajili ya pua tu, yaani manukato, na hicho uso uliojeruhiwa haukihitaji.

Nilijaribu kimoja kimoja kwenye ngozi ya ndani ya kiwiko, kwa siku kadhaa, kabla ya kukipandisha usoni. Gliserini tupu ilinivuta na kuniwasha. Nikaichanganya na maji, nikafunika kwa mafuta ya mgando, ikawa rafiki. Lanolini ilifunga pembe za mdomo, ingawa jirani yangu ilimtoa vipele, kwa hiyo usiige tu. Losheni moja nzuri ya kopo la buluu, iliyoanza na maji na gliserini kama mchanganyiko wangu, ilianza kuniwasha ndani ya nusu saa. Niligeuza kopo nikasoma hadi mwisho: manukato. Na mafuta ya mbarika ya mama? Ni mazito na yananuka shamba, lakini yanafunika vizuri. Miguu yangu hadi leo inayapokea.

Maneno ya kukimbia nayo alinitajia: haidrokwinoni na zebaki, zinazochubua ngozi, na yale majina marefu ya dawa kama ile yangu, ambayo mengi huishia kwa "-soni" au "-soli", kwa Kiingereza "-sone" au "-sol". Na kopo lisilosema kabisa kilichomo, liache hapo hapo lilipo.

Sasa nije kwa Editha, kwa maana hapa ndipo paliponiuma mbali na uso.

Alikuwa amejifungua mtoto wa kike nilipokuwa Kihagara. Msimu wa kuchuma kahawa tulikutana kwa mama mkwe. Mashavu ya mtoto yalikuwa yamekakamaa kwa baridi, kama yangu ya zamani. Editha alitoa tyubu kwenye mkoba, akaminya kidoleni.

"Wifi, hiyo usimpake mtoto."

"Kwa nini?"

"Ni dawa. Ndiyo iliyoniumiza."

Alinitazama kana kwamba nimemtemea mate. "Mimi nimeitumia kuliko wewe. Nina nini? Ugonjwa wako ni wako, Imelda. Usiniharibie biashara, na mwanangu usimsogelee."

Mbele ya watu wote. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Nilitaka kumnyang'anya na niliogopa. Mama mkwe, aliyekuwa akichambua maharage, aliinuka akanyoosha mkono.

"Lete hapa."

"Mama..."

"Lete."

Aliichukua ile tyubu, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. "Mtoto atapakwa mafuta ya mgando mpaka mtakapomaliza kugombana," alisema, akarudi kwenye maharage yake. Mashavu ya mtoto yalilainika baada ya siku chache. Lakini Editha aliacha kunisalimia. Tulipishana sokoni kama watu wasiojuana, na nilikosa usingizi kwa hilo kama nilivyokosa kwa uso.

Mvua zilikuwa zimeshaanza alipokuja kibarazani pangu. Alikuwa amejifunika kanga hadi machoni. Nilijua kabla hajafunua.

"Niliacha," alisema. "Nilitaka kukuonyesha kwamba ni uongo."

Nilisukuma cherehani pembeni. Alikuwa akiinuka na kukaa, na sikumwambia atulie. Tulizunguka naye nyuma ya maduka, tukaenda, tukarudi, mimi nikiwa na kitambaa chenye maji. Wiki iliyofuata Kosmas alitupakia kwenye lori la Songea.

Tukiwa tunasubiri kule, Editha hakuuliza atapona lini. Alikuwa akinong'ona majina. "Mama Rehema. Yule mwalimu wa shule ya Mateka. Dada wa mashine ya kusaga." Nilidhani anasali. Kisha akanigeukia. "Wifi, wote hao niliwauzia mimi."

Hakusubiri apone. Tuliporudi, uso wake bado umevimba, alianza kuwazungukia, akaniomba niende naye nikaeleze, kwa kuwa yeye maneno yalimwishia. Mlango wa kwanza tulifungiwa. Wa pili walitucheka, wakasema tumeleta biashara mpya. Editha alitaka kurudi nyumbani. Nikamwambia twende mmoja tena.

Mama Rehema ni mke wa afisa kilimo, watu wa Tabora waliohamishiwa kwetu. Alifungua mlango kidogo tu, kanga imemfunika hadi puani.

"Mama Rehema," Editha alisema, "ile krimu niliyokuuzia. Nimekuja kukwambia si mafuta."

Akafunua uso wake, akasimama hivyo mwangani, wekundu wote ukionekana.

Mama Rehema alitutazama, mmoja kisha mwingine, kisha akaishusha kanga yake taratibu, na sote watatu tukaonana.

"Ingieni," alisema. "Mfunge mlango haraka, upepo unanichoma."

Tukaingia.